Saa Saba Mchana, Kamera Haipo Hewani

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni hapa Bukoba, na kwa miaka kumi na sita nimelipwa mshahara ili nisimwamini mtu. Gunia la maharage likipungua kilo mbili, najua. Na mpishi aliyezichukua anajua kwamba najua. Kwa hiyo asinishangae mtu kwamba nilimshuku Ephrasia. Mimi najishangaa kwamba nilichelewa kuanza.

Ephrasia ndiye aliyekuwa akimtunza mama yangu, Ma Celina, kule Kamachumu wilayani Muleba. Mama ana miaka themanini na mmoja, magoti yamemgomea, na hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu Kitendaguro, hapa mjini. Anasema kibanja cha marehemu baba hakiwezi kuachwa bila mtu wa kukiamkia. Kabla ya Ephrasia tulijaribu wasichana watatu, mama akawatimua wote, mmoja kwa kosa la kuipua ebitoke, ndizi zetu za kupika, kabla hazijalainika. Ephrasia, mjane wa kijiji cha jirani, akadumu. Kwa miaka mitatu alimwogesha mama, akampikia, akalala chumba cha pili mlango wazi. Nikimwondoa huyo, sina mwingine. Na bado nilikuwa nimeapa kwamba nikipata ushahidi, Jumamosi ya wiki hiyo hiyo anaondoka.

Kamera lilikuwa wazo langu. Nilikwenda mtaa wa Bakoba, dukani kwa Najibu, kijana anayefunga kamera kwenye nyumba za watu, akanifungia moja sebuleni kwa mama, juu ya kabati la vyombo, ikitazama kiti chake. Akaweka na ruta ndogo yenye laini ya simu. Ukifungua app unamwona mama papo hapo. Ukibonyeza alama ya maiki, unaongea naye. Nilifurahi kama mtoto. App nikaiweka kwenye simu yangu, na jioni ile ile nikaiweka kwenye simu ya mume wangu Avit, maana ni mkwe mwema na hakuna siku asiyomuulizia mama. Nikampigia mama simu kumwambia sasa tunamwona sote. Akaniuliza kama mjini mvua imenyesha.

Wiki ya kwanza picha ilikuwa safi, hata inzi nilimwona. Wiki ya pili ikaanza. Nafungua app, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu maandishi: kamera haipo hewani.

Nikampigia Najibu.

"Mama, tuanze na bando," akasema. "Angalia kama limeisha."

Bando lilikuwepo. Akasema basi mtandao wa kule ni dhaifu, nishushe ubora wa picha. Nikaushusha mpaka mama akaonekana kama amechorwa kwa mkaa, na bado ikakatika. Akasema nifute app niiweke upya. Nikafuta, nikaweka. Akasema nibadilishe neno la siri, huenda kuna mtu mwingine anaingia. Hilo lilinikaa moyoni siku nzima. Nikabadilisha, Avit nikampa jipya, kamera ikakatika vile vile.

Nikampigia Ephrasia mwenyewe.

"Umeme umekatika, Ma Edvina," akasema.

"Saa hizi?"

"Saa hizi hizi."

Ila nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma. Mashine ile ni ya umeme. Nilimwambia asante nikakata simu. Mwizi wa stoo humjui kwa kuiba, unamjua kwa kusema uongo mdogo usio na sababu.

Tangu siku hiyo nikafungua daftari. Niliandika kila saa kamera ilipozimika na kila saa iliporudi, na baada ya siku kumi na mbili mambo yakajipanga yenyewe. Asubuhi ipo. Saa saba mchana inazimika, saa nane inarudi. Saa kumi na moja jioni inazimika mpaka kesho yake. Jumamosi na Jumapili haipo kutwa nzima. Najibu nilipomwonyesha alikuna kichwa.

"Mtandao haujui Jumapili, mama," akasema. "Wallahi, hili si la mtandao."

Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa najua na lingine. Kila siku ya kazi saa saba kasoro kidogo, kabla ya picha kukatika, nilimwona Ephrasia akiingia sebuleni na sahani iliyofunikwa. Saa nane picha inarudi, sahani iko tupu juu ya stuli, imefutwa ikang'aa. Mimi ndiye ninayetuma samaki kutoka mjini. Sato wazuri, nawachagua mwenyewe. Na mama, kila nikimtazama kwenye kile kioo kidogo, mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumwona Ephrasia akila yule sato mbele ya mama, na mama anameza mate.

Halafu likatokea jambo lililonichanganya. Avit alikwenda Dodoma kwenye semina ya walimu, siku sita. Nilimweleza mama kwa simu kama kawaida yetu. Na siku hizo sita kamera haikuzimika hata dakika moja. Saa saba ipo, jioni ipo, Jumapili ipo. Nilimwona mama akila samaki wote kwa mkono wake mwenyewe, Ephrasia kakaa pembeni. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikalala macho nikimfikiria mume wangu.

Maana ni nani tena mwenye app? Nilimsubiri arudi, nikamwacha anywe chai, nikamuuliza.

"Avit, wewe unaizima kamera ya mama?"

"Niizime ili iweje?"

"Nakuuliza."

Alinitazama jinsi wapishi wanavyonitazama nikishika mizani. "Mimi kamera hiyo nimeigusa mara moja," akasema. "Nilirudi kula, nikafungua nikamwona mama, nikambonyezea shikamoo. Hakuitikia. Nikajua masikio yamechoka, sijarudia. Unataka na simu yangu uipekue?"

Nikasema ndiyo. Akanipa, na hakuniongelesha hadi kesho yake. Nililiandika na hilo kwenye daftari, sikujua la nini.

Simu zote mbili nilizipeleka Bakoba. Najibu akaingia kwenye kumbukumbu za kamera, akasoma akitikisa kichwa.

"Haijazimwa kutoka kwenye simu yoyote. Tazama hapa. Kila mara imekosa umeme, na ruta inabaki hewani. Ungekuwa umeme wa nyumba, ruta nayo ingezimika." Akaweka simu mezani. "Mama, kuna mkono unaichomoa."

Basi. Mkono ni wa nani? Mama hawezi kuinama, soketi iko chini nyuma ya kabati, na ndani ya nyumba wapo wawili. Nikaomba ruhusa kazini, na Alhamisi nikamwambia Najibu anipeleke kwa gari lake bila kumjulisha mtu kule Kamachumu. Avit nilimwambia asubuhi, nikamsisitiza afungue app akirudi kula. Alisema, "Ukimkamata, usimwaibishe mbele za watu." Nikamwambia mwizi hujiaibisha mwenyewe.

Tulipita Kemondo. Muhutwe tukaiacha barabara kuu tukaanza kupanda, na mimi simu iko mapajani, app imefunguliwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Saa saba kasoro dakika mbili Ephrasia akaingia na sahani. Akaiweka. Akatandika mkeka sakafuni. Kisha akaja moja kwa moja kuelekea kwenye kamera, uso ukajaa kioo chote, akainama kando ya kabati. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Umemwona?" nikamuuliza Najibu.

"Nimemwona," akasema, na hakuonekana kufurahi.

Tulipokaribia nyumba nilimwambia asimamishe gari njiani, lisisikike. Nikapita katikati ya migomba, nikaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, kwenye nyumba niliyozaliwa. Jikoni sufuria zimefunikwa. Nikasukuma pazia la sebuleni.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele, kanga imepandishwa juu ya magoti na nyingine imeshuka mabegani. Miguu ilikuwa inang'aa mafuta. Ephrasia alikuwa amechuchumaa karibu yake, na mkono wake ulikuwa ndani ya sahani ya mama. Vidole vyake vilikuwa na nyama ya samaki.

Sikuona kingine. Nawaambia kweli, sikuona kingine chochote.

"Ndivyo unavyomlisha?" nikasema. "Yeye anatazama, wewe unakula?"

Ephrasia aliruka kama aliyeguswa na moto. "Ma Edvina! Karibu, hatukujua..."

"Mngejuaje, na kamera umechomoa?"

Mama akaniita mwanangu kwa Kihaya, "Edvina, mwana wange," lakini mimi nilishalala kifudifudi kando ya kabati nikiutafuta waya. Niliupata, nikauchomeka. Taa ndogo nyekundu ya kamera ikawaka, ikapepesa, ikawa ya kijani. Nilitaka Avit aone. Alikuwa nyumbani saa ile, anakula, na nilitaka aone kwamba mkewe si kichaa wa kushuku watu bure.

Mama alipoiona ile taa ya kijani akavuta kanga ya mabegani akajifunika kichwa chote. Miguu ikabaki nje. Nikajua ni woga. Nikasema moyoni, amemtisha mama yangu kiasi hicho.

"Lete begi lako," nikamwambia Ephrasia.

"Ma Edvina," akasema polepole, "chomoa kwanza hicho kitu, halafu nipekue utakavyo."

"Ahaa! Kwa nini nichomoe? Kinakuuma nini?"

Alimtazama mama. Mama akajikunja zaidi ndani ya kanga. Ephrasia akafunga mdomo. Hapo mimi nikawa na ushahidi wangu wote: mtu asiye na kosa hujitetea. Nikaenda chumbani kwake, nikalitoa begi, zipu ikakataa nikaivuta ikavunjika. Nikamwaga kila kitu pale sebuleni, mbele ya kamera. Magauni mawili. Rozari. Kanga ambayo mama alimpa Pasaka. Nguo za ndani, za zamani, zilizoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kahawa kidogo ya kutafuna, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Nikapekua na mifuko ya magauni. Najibu alikuwa amefika mlangoni, maana alisikia kelele, akaona vile vitu sakafuni, akageuka haraka akatazama nje.

Hakukuwa na samaki, hakukuwa na chochote cha kwetu, na mimi nikazidi kukasirika kwa kukosa.

"Kusanya," nikamwambia. "Jumamosi ni mbali. Leo hii."

Ephrasia alikusanya. Hakulia. Alizikunja zile nguo ndogo kwanza akiwa amezipa kamera mgongo. Alipomaliza akanawa mikono kwenye beseni, akachukua kitambaa akafunika miguu ya mama, akakiingiza kila upande kama unavyomfunika mtoto. Kisha akatoka.

Mama akaongea akiwa bado ndani ya kanga.

"Avit yuko nyumbani saa hizi?"

"Yupo, anakula. Nilitaka aone."

"Basi chomoa, mwana wange. Nakuomba."

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwa mama yangu. Mama haombi. Nikabaki nimesimama na yeye akaendelea, polepole, akitafuta maneno.

"Siku ile nilikuwa hivi hivi. Ephrasia ananinyoosha miguu, kanga iko huku juu, na mimi nina tonge mdomoni. Nikasikia sauti ya mkwe wangu kutoka juu ya kabati. Shikamoo, mama. Miaka ishirini na mitatu, Edvina, tangu akuoe. Akija hapa mimi nakula jikoni, namsalimia nikiwa nimejitanda, hajawahi kuniona nikitafuna. Na siku hiyo ameniona mapaja. Sikuweza hata kumeza. Nikamwambia Ephrasia aichomoe kila saa mumeo akiwa nyumbani. Kazini mwalimu hashiki simu, wewe mwenyewe uliniambia. Yeye hawezi kujua, na wewe huwezi kujua."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Kwamba mumeo ameniona? Hilo ni neno la kumwambia binti yako? Ephrasia mwenyewe sikutaka ajue, ila alikuwepo. Nikamwapisha asimwambie mtu."

"Na samaki?"

"Samaki gani?"

"Mkono wake ulikuwa kwenye sahani yako."

"Anatoa miiba," mama akasema. "Siioni siku hizi. Mumeo alipokuwa Dodoma ulituma wale wakubwa, miiba yao naishika kwa vidole, nikawa najilia mwenyewe."

Mimi nimezaliwa Kamachumu. Mimi nilimwona bibi yangu mzaa mama akijificha nyuma ya mlango baba alipopita uani. Hayo nayajua tangu sijaanza shule, hakuna aliyehitaji kunifundisha. Ila kwa sababu Avit alikuwa Kitendaguro na mama alikuwa Muleba, na katikati yao kuna simu tu, sikufikiri kwamba nimemwingiza mkwe chumbani kwa mama mkwe wake nikamkalisha juu ya kabati. Na sasa hivi nilikuwa nimemkalisha tena, mara ya pili, kwa mkono wangu, mama akiwa nusu uchi. Nikalala chini nikauchomoa ule waya kwa nguvu hadi adapta ikanigonga usoni.

Kisha nikatoka mbio. Najibu alitaka kuwasha gari nikampita.

Ephrasia nilimkuta barabarani, amepita kibanja chetu na cha jirani, begi amelibeba mikononi kama mtoto kwa sababu zipu haifungi. Nilimwita mara tatu. Akasimama bila kugeuka. Nilipomfikia nikapiga magoti pale pale kwenye udongo mwekundu, mbele ya watu wawili waliokuwa wanaanika kahawa kwenye ua wa jirani.

"Inuka, Ma Edvina, watu wanakuona."

"Waone. Nisamehe. Mama ameniambia yote. Rudi, nakuomba."

Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na nilitamani angenitukana.

"Ungeniuliza nimekula samaki, ningecheka," akasema. "Ungenipiga, ningekuelewa, ni mama yako. Nilikuomba kitu kimoja tu, uchomoe kwanza. Mumeo ameona nguo zangu. Yule kijana wa kamera ameziona. Mama yako alionwa kwa bahati mbaya, nimemfichia mwezi mzima. Mimi umenianika wewe, kwa makusudi."

"Rudi kwa ajili ya mama, si kwa ajili yangu."

"Nitarudi vipi niingie sebule ile?" Akaliweka begi vizuri kifuani. "Jioni umnyooshe miguu kwa mafuta yaliyopashwa moto kidogo. Usianze na goti la kushoto, anaumia. Samaki mtoe miiba yote, pitisha vidole mara mbili, yeye atasema anaona lakini haoni. Na usimwambie kwamba nimekasirika. Mwambie nimekwenda kusalimia nyumbani."

Akaondoka. Sikumfuata, na sikuinuka pia. Hapo simu ikaita mkononi mwangu. Alikuwa Avit, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea huku na huku.

"Picha imekatika tena," akasema. "Niliona unamwaga nguo, halafu giza. Vipi, umemkamata?"

Ephrasia alikuwa anaifikia kona ya barabara, na mimi magoti yangu yalikuwa bado kwenye udongo.

"Nimemkamata," nikamwambia. "Yuko hapa barabarani, amepiga magoti."